Tunanunua kompyuta au tunanunua stika?



Kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikipokea ujumbe wa simu kutoka kwa vijana, na mwingine kutoka kwa wazazi wao, wote ukiuliza jambo moja. Kijana ana fedha kidogo. Anataka kompyuta mpakato, ile ambayo mitaani huitwa laptopu, ya kuchezea gemu. Tena anataka iwe ya kubebeka, yaani aweze kucheza bwenini, safarini, au nyumbani umeme unapokatika. Je, anunue ipi?

Najua wapo wanaonisikiliza sasa hivi ambao mkono wao uko tayari kwenye kitufe cha kubadili stesheni. Gemu! Mambo ya kitoto hayo! Nawaomba wasiwe na haraka. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 1990 tunavikumbuka vile vigemu vya mkononi vya kupanga matofali, jinsi kimoja kilivyozunguka mtaa mzima mpaka betri zikaisha, nasi tukazianika juani eti zirudishe nguvu. Hatukuharibika kwa hilo. Isitoshe, mazungumzo ya leo ni ya fedha kuliko yalivyo ya mchezo. Katika nyumba nyingi za mji huu, kompyuta ni miongoni mwa vitu vya bei kubwa kuliko vyote vilivyomo ndani, na hununuliwa mara moja. Ikinunuliwa vibaya, hakuna fedha nyingine iliyojificha chini ya godoro ikisubiri.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, maana ndio ninaoujua vizuri. Dada yangu ni mama lishe, Buguruni. Mwaka huu zamu yake ya mchezo ilipofika alipokea shilingi 850,000. Mwanawe anasoma stashahada ya ujenzi, Morogoro, na anahitaji kompyuta ya kuchorea ramani za nyumba. Gemu ni nia ya pili, ingawa ukimsikiliza akizungumza utadhani ndiyo ya kwanza. Dada aliniita pembeni akaniambia, "Kaka, hela hii nimeitoa kwenye moshi. Zamu yangu nyingine ni mwakani. Nenda naye wewe, maana yeye ataangalia taa zinazowaka." Basi Jumamosi moja asubuhi, mimi na mpwa wangu tukashika njia ya Kariakoo.

Duka la kwanza tulipokewa kwa shikamoo na viti. Kijana muuzaji akatutolea kompyuta moja nyeusi, akaipangusa kwa kitambaa, akasema, "Mkubwa, hii ni i7. RAM ya GB 8, grafiki ya GB 4. GTA inapiga bila kukwama. Laki nane tu kwa ajili yako." Stika ya i7 ilikuwa inang'aa kuliko kompyuta yenyewe. Mpwa wangu akanigusa kiwiko. "Mjomba, i7!"

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo fedha za watu wengi zinapozama. Hebu tutulie kidogo.

Jina i7 peke yake halikuelezi jambo kubwa. Ni sawa na mtu kukuambia anauza basi la daraja la juu bila kukutajia liliundwa mwaka gani. Prosesa za Intel za daraja hilo zilianza kuuzwa mwaka 2008, na tangu hapo vimepita vizazi vingi. Unachotakiwa kukisoma ni namba inayofuata baada ya kistari. Tulimwomba kijana aiwashe, tukafungua ukurasa unaotaja sifa za kompyuta, na jina kamili likasomeka: Core i7-4600U. Ile 4 ya mwanzo maana yake ni kizazi cha nne. Prosesa hiyo ilitoka mwaka 2013, na ndani yake ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Sasa linganisha na i5-8250U, ambayo kwa jina ni ya daraja la chini, lakini ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017, na ina viini vinne. Katika kazi nzito i5 hiyo inaiacha mbali i7 ile. Mwenye kununua kwa stika atalipa zaidi apate pungufu.

Namba zikiwa tano, kwa mfano i5-10210U, basi mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani cha kumi. Herufi ya mwisho nayo ina maneno yake. U ni prosesa iliyobanwa itumie umeme kidogo, na H ni ile iliyoachiwa nguvu, ambayo pia huachiwa joto. Hayo mawili, kizazi na herufi, yanatosha kabisa kumnyamazisha muuzaji mwenye maneno mengi.

Kuna sababu nyingine ya kukitazama kizazi. Kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, kwa masharti ya kampuni yenyewe inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Fundi hodari anaweza kuilazimisha iingie kwenye kompyuta ya zamani, nami nimeziona zilizolazimishwa zikifanya kazi. Lakini unabaki nje ya masharti, na siku mambo yakigoma huna wa kumlalamikia. Hii ndiyo sababu mojawapo mashine za vizazi vya nyuma zimejaa madukani kwa bei inayovutia. Makampuni yanazitoa huko, sisi tunazipokea huku. Mwenye kazi ya kuandika barua na kutunza mahesabu ya duka anaweza kuzifaidi. Mwenye gemu, hapana.

Turudi kwenye lile neno la pili la muuzaji, "grafiki ya GB 4". Hili ni baya kuliko la i7, kwa sababu lina ukweli nusu.

Picha za gemu huchorwa na chipu ya grafiki. Ziko za aina mbili. Ya kwanza imo ndani ya prosesa yenyewe na haina kumbukumbu yake. Inaazima kwenye RAM. Ya pili ni kadi ya peke yake, mara nyingi ya kampuni ya NVIDIA au AMD, yenye kumbukumbu yake ambayo haichangii na mtu. Sasa, Windows humruhusu huyu muazimaji kukopa mpaka karibu nusu ya RAM yote. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inaweza kuandika kwenye kioo kwamba grafiki ina karibu GB 4 za kutumia. Muuzaji anakuonyesha maandishi hayo kwa kidole, na kwa kweli yapo. Asichokuambia ni kwamba hizo ni GB zilezile alizokwisha kukutajia mwanzoni. Amekuuzia mbuzi mmoja mara mbili.

Namna ya kumkamata ni rahisi. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha fungua sehemu ya Display. Hapo kumbukumbu ya grafiki yenyewe imeandikwa mbali na ile ya kuazima, ambayo mbele yake pana neno Shared. Ya duka lile, kumbukumbu ya kwake yenyewe ilikuwa MB 128. Kijana alipoona tumefika ukurasa ule alicheka, akasema, "Mkubwa, kumbe wewe ni fundi!" La hasha, mimi ni mtangazaji tu ninayependa kusoma maandishi madogo. Tulimshukuru kwa viti tukaondoka.

Duka la pili walitutolea mpya kabisa, ndani ya boksi, na nailoni yake. Mpwa wangu alikwisha kuinusa na kutabasamu. Lakini prosesa ilikuwa Celeron N4020, RAM ya GB 4 iliyochomelewa ubaoni, na hifadhi ya GB 64. Nisieleweke vibaya, kompyuta hizo si bandia. Zimetengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kuandika insha na kutazama video. Ila Celeron hiyo ina viini viwili, na GTA V, gemu ya mwaka 2013, ilipotoka kwenye kompyuta iliomba nafasi ya GB 65 peke yake. Hata Windows ikitolewa nje isimame mlangoni, gemu haiingii. Kwa fedha ya watu wa kipato chetu, yenye umri wa miaka mitano au sita iliyotunzwa vizuri huwa na nguvu kuliko mpya ya bei hiyo hiyo. Jambo hili linawaudhi wazazi wengi, kwa sababu mtumba hauna boksi la kuonyesha majirani.

Sasa swali lenyewe: achukue ipi? Kwa mwenye fedha kidogo mimi naona njia tatu, na si kila moja inamfaa mtu wa kutembea nayo.

Ipo kompyuta ya gemu hasa, zile familia za Acer Nitro, HP Pavilion Gaming, Lenovo Legion na nyinginezo, zenye kadi kama GTX 1050 au 1650. Kijana akiiona hiyo usingizi unakata. Kwa nguvu hakuna ubishi. Ndizo zinazoufaa ule mpira wa EA, ambao uliacha kuitwa FIFA baada ya toleo la FIFA 23 na tangu Septemba 2023 unaitwa EA Sports FC. Toleo la kwanza la jina hilo jipya lilitaka kadi ya daraja la GTX 1050 Ti, RAM ya GB 8, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kwa 850,000 za dada yangu tulizoonyeshwa zilikuwa zimechoka, moja bawaba imefungwa kwa gundi.

Ipo njia ya pili ambayo wengi hawaijui, nayo ni kompyuta za wahandisi: HP ZBook, Dell Precision, ThinkPad za herufi P. Hizi hutoka kwenye makampuni makubwa kwa mafungu, hazina taa nyekundu wala joka mgongoni, kwa hiyo vijana wanazipita. Lakini ndani mna kadi ya NVIDIA Quadro. Kwa mfano Quadro P1000, inayopatikana kwenye baadhi ya ZBook 15 G5 za mwaka 2018, imejengwa kwa chipu ileile ya familia ya GTX 1050. Kwa mwanafunzi wa ujenzi ingekuwa kama imeandikwa jina lake. Tuliipata moja, tukaishika, na hapo ndipo tulipokumbuka neno "kubebeka". Mashine peke yake ni kilo mbili na nusu na ushei, chaja nayo kama tofali. Mtu wa kupanda daladala mpaka stendi na basi mpaka Morogoro ataibeba mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ataiacha bwenini.

Halafu kuna suala la betri, na hapa naomba wasikilizaji wachukue kalamu.

Uwezo wa betri ya kompyuta huandikwa kwa wati-saa, kifupi chake Wh. Betri ya Wh 50 inaweza kulisha kitu cha wati 50 kwa saa moja, au cha wati 25 kwa saa mbili. Ni hesabu ya darasa la tano. Kompyuta yenye kadi ya GTX, gemu inapokolea, huweza kula wati 80 au zaidi. Ndiyo maana unakuta chaja yake imeandikwa wati 135. Kwa betri ya Wh 50, hata ikiwa mpya, hiyo ni kama nusu saa. Kwa kuogopa hilo, mashine yenyewe hujipunguza nguvu mara tu unapochomoa waya, na ile gemu iliyokuwa inateleza inaanza kuchechemea. Kwa maneno mengine, kompyuta ya gemu inabebeka kutoka ukuta mmoja wenye umeme hadi ukuta mwingine wenye umeme. Umeme ukikatika Morogoro saa mbili usiku, mwenye Legion na asiye na kompyuta wanapiga soga pamoja.

Njia ya tatu ndiyo hii: kompyuta nyepesi ya ofisini, lakini iwe na prosesa yenye chipu nzuri ya grafiki ndani yake. Kwa miaka mingi zile za ndani za Intel zilikuwa hafifu, mpaka ilipokuja Iris Xe na kizazi cha kumi na moja mwaka 2020. Kabla ya hapo, waliokuwa mbele ni AMD kwa prosesa zao za Ryzen. Ryzen 5 3500U ya mwaka 2019 ina grafiki iitwayo Vega 8, ambayo ni hatua ndefu mbele ya UHD 620 iliyomo kwenye kizazi cha nane cha Intel, na Windows 11 inaikubali bila kulazimishwa. Unaikuta kwenye ThinkPad T495, na HP EliteBook 745 G6 nayo inatumia Ryzen za familia hiyo. Haitakuendeshea gemu za mwaka jana kwa fahari, na anayekuambia itaendesha anakutania. Lakini GTA V inachezeka ukishusha ubora wa picha, na matoleo ya nyuma ya FIFA na PES yanakwenda. Prosesa hiyo imepangiwa wati 15; kompyuta nzima ikicheza gemu ukaikadiria wati 25 hivi, betri yenye Wh 40 zilizobaki inakupa saa moja na nusu. Mechi ngapi hizo?

Siri yake moja ni RAM. Kwa kuwa grafiki ya ndani huazima, inataka njia pana ya kuazimia. Vipande viwili vya GB 4 vinaipa njia mbili. Kipande kimoja cha GB 8 kinaipa moja. Kwenye gemu tofauti yake inaonekana kwa macho, wala huhitaji kipimo. Kwa hiyo usiulize tu "RAM ni ngapi", uliza "iko kwenye vipande vingapi, na kuna nafasi ya kuongeza?"

Na kioo? Wengi hudai kioo cha 1920 kwa 1080, nami sibishi kwa mwenye kazi ya kuchora. Kwenye gemu, hata hivyo, kila nukta ya kioo lazima ichorwe, na kioo hicho kina nukta kama milioni mbili, mara mbili ya kile cha 1366 kwa 768. Mwenye chipu dogo ashushe kipimo cha picha ndani ya gemu yenyewe. Kazi inapungua nusu, na aliyekaa pembeni yake hatajua.

Diski ni lazima iwe SSD. Ya GB 256 inabeba Windows, masomo, na gemu kubwa moja au mbili, si zaidi. Tena kumbukeni hesabu ya bando: gemu ya GB 100 kwa intaneti ya simu inaweza kugharimu fedha ya kuona uchungu. Ndiyo sababu vijana wanakimbilia magemu ya kunakiliwa kwenye flashi, na ndiyo njia virusi vinavyoingilia. eFootball, jina jipya la PES tangu mwaka 2021, ni ya bure. Ukiipakua chuoni kwenye intaneti ya wanafunzi hujamdhulumu mtu.

Joto sitalizungumza sana, ila niseme hivi. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi inajipunguza mwendo ili isiungue, na Dar es Salaam ya Februari tunaijua. Anayeiweka juu ya godoro ameziba pua yake. Vumbi la miaka sita ndani ya feni litolewe na fundi kabla ya yote.

Sasa tuje dukani kwa mara ya tatu, kwa mama mmoja mwenye kibanda kidogo ghorofani, ambaye hakuwa na kiti cha kumpa mteja wala maneno mengi. Alikuwa na ThinkPad T495. Mpwa wangu, na hapa nampa sifa zake, alikuja na diski ya nje yenye GTA aliyoinunua kihalali. Aliomba aijaribu bila chaja. Wauzaji wawili kabla yake walikataa, na kukataa huko kulitueleza yote tuliyotaka kujua. Mama yule alisema tu, "Jaribu, mwanangu, ila usinimalizie siku."

Kabla ya kucheza tulipima betri. Kwenye Windows unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaandika powercfg /batteryreport, na kompyuta inakutengenezea ripoti. Ndani yake tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake ikijaa leo. Yetu ilitoka kiwandani na Wh 50, ikawa imebaki na 41. Hiyo ni zaidi ya asilimia 80, na kwa mashine ya mtumba ni heri. Ningekuta 25 ningeihesabu bei ya betri mpya kabla ya kutoa bei ya kompyuta.

Akacheza dakika 20, betri ikashuka kutoka asilimia 96 hadi 75. Feni ikanguruma, lakini picha hazikukwama, wala mashine haikujizima. Nilijaribu kila kitufe, hasa W, A, S na D, maana ndivyo vinavyopigwa sana na wachezaji. Tukachomeka waya wa HDMI kwenye televisheni ya jirani yake kuona kama tundu linafanya kazi. Tukaizima na kuiwasha tena, tukaingia kwenye mipangilio ile ya ndani kabla Windows haijaamka, kuhakikisha haina neno la siri la kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Msisahau hilo. Ziko kompyuta zinazotoka nje zikiwa bado zimefungwa na mwajiri wa zamani, na siku ukihitaji kubadili kitu unakuta umenunua sanduku la mtu na ufunguo umebaki Ulaya.

Mama alitaka 700,000. Tuliongea, akashuka hadi 650,000. Mashine hiyo ina GB 8 zilizochomelewa na nafasi moja wazi, kwa hiyo sehemu ya fedha iliyobaki ilikwenda kwenye kipande kingine cha GB 8, na njia zikawa mbili. Nyingine ikanunua padi mbili na mfuko wa kawaida usio na jina la kompyuta, wa kumpoteza kibaka maboya pale stendi.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kununua kwa mtu aliyetangaza mtandaoni, anayesema "tuma hela kwanza, mzigo unakuja na basi". Yote niliyoyaeleza leo, dxdiag, ripoti ya betri, dakika ishirini bila chaja, yanahitaji mikono yako iwe juu ya kompyuta. Asiyekubali hilo hata awe na bei gani, mwacheni na mzigo wake.

Mwisho ni risiti. Iwe ya mashine ya EFD, na muuzaji akuandikie kwa kalamu namba ya kompyuta iliyoko chini ya tumbo lake, pamoja na siku za waranti. Mama yule alitupa mwezi mmoja. Wapo wanaotoa siku saba. Namba hiyo hulinganishwa na inayoonekana ndani ya kompyuta ikiwashwa, maana mfuniko wa chini hubadilishwa, na polisi wakikukuta na mali ya wizi hawaanzi kwa kukuuliza kizazi cha prosesa. Ya kwetu zilifanana. Mpwa wangu aliipiga picha kwa simu. Mama yake hakuridhika na picha. Aliinakili kwenye daftari lake la mchezo, kwenye ukurasa uleule ulioandikwa zamu yake na zile 850,000.